Watoto na Amri ya Kutotoka Usiku: Tuisome Hadithi Mpaka Mwisho

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Nimeombwa niandike kuhusu malezi ya vijana. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu katika Surat Al-Baqara, aya ya 44, wamekemewa wale wanaowaamrisha watu mema na kujisahau nafsi zao. Naogopa kuwa miongoni mwao.

Muhula uliopita kulikuwa na mkutano wa LC1 katika mtaa unaopakana na hosteli zetu. Wizi ulikuwa umezidi. Simu zilikuwa zikipotea, viatu vikichukuliwa barazani, na mwenzetu mmoja alikuwa ameibiwa kompyuta yenye kazi yake yote ya mwaka wa mwisho. Wazee wakasema wanaofanya hayo ni watoto wanaozurura usiku na kutoroka shule mchana. Likaletwa pendekezo: kila aliye chini ya miaka 18 atakayekutwa nje baada ya saa moja jioni bila mzazi apelekwe posti ya polisi, na mzazi asimtoe mpaka alipe faini. Atakayekutwa mtaani saa za masomo naye afanyiwe hivyo hivyo.

Nikanyoosha mkono nikasimama. Nikawaambia kuwa kwetu Mombasa bibi yangu alikuwa na amri hiyo hiyo. Adhana ya magharibi ikianza, hakuna mtoto aliyebaki uani, na anayekawia huitwa kwa jina mpaka mtaa wa pili wasikie. Kisha nikawatajia hadithi sahihi ya Jabir bin Abdillah (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) ameagiza kwamba usiku unapoingia tuwazuie watoto wetu, kwa kuwa mashetani hutawanyika wakati huo. Nikaishia hapo na kuketi. Watu wakapiga makofi, mzee mmoja akaleta takbir, na pendekezo likapita.

Wiki ya tatu baada ya mkutano ule, mama mmoja alikuja msikitini kwetu baada ya alfajiri, akasimama mlangoni na viatu mkononi. Nilimfahamu. Mwanawe, kijana wa miaka 14, ni mwanafunzi wetu wa darsa la mwisho wa wiki. Jioni kijana huyo huuza mayai ya kuchemsha kwenye steji ya bodaboda, na ndoo yake ya plastiki na kachumbari yake, mpaka saa tatu. Alikuwa amekamatwa na ndoo yake mkononi. Ilikuwa siku ya pili yuko ndani, na mama hakuwa na pesa za kumtoa, kwa sababu pesa za nyumba ile hutoka katika ndoo ile.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, si ni nyinyi mliosema dini ndiyo inayotaka hivyo?"

Nikamjibu, "Mama, tuliyasema." Sikuwa na jibu lingine.

Tulichangishana, tukaenda kumtoa. Tulimkuta amekaa sakafuni katika chumba kimoja na watu wazima. Sheria ya Watoto ya Uganda inakataza mtoto kuwekwa mahabusu pamoja na watu wazima, na hairuhusu akae polisi zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani. Mimi niliyesimama mkutanoni kuzungumzia sheria sikuyajua hayo.

Sehemu niliyoiacha

Usiku ule nilifungua tena hadithi ya Jabir. Ndugu zangu, ile hadithi haiishii nilipoishia mimi. Baada ya agizo la kuwazuia watoto, Mtume (S.A.W.) anaendelea kusema kuwa ikipita saa moja ya usiku, waachilieni. Kisha anaagiza milango ifungwe kwa jina la Mwenyezi Mungu, viriba vifungwe, vyombo vifunikwe na taa zizimwe.

Tuyazingatie mambo matatu ndani yake.

La kwanza, anayeambiwa ni nani? Anayeambiwa ni mwenye nyumba. Mtoto ametajwa pamoja na mlango, maji na taa, yaani vitu ambavyo mtu mzima hukabidhiwa avitunze. Taa ikiachwa ikaunguza nyumba, hatuichapi taa. Ndivyo ilivyo pia katika hadithi inayotueleza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Swali la Kiyama linaelekezwa kwa mchungaji.

La pili, sababu yake ni nini? Ni madhara yanayoweza kumpata mtoto. Hadithi inamlinda mtoto na hatari iliyoko nje. Sisi pale mkutanoni tulilinda simu zetu na kompyuta zetu dhidi ya mtoto, tukamtia yeye katika nafasi ya ile hatari.

La tatu, ina mwisho. Kuzuia kumewekewa muda, na neno la kuachilia limo katika hadithi ile ile. Kizuizi kisichojulikana kinaisha lini, wala kinamhusu nani na kwa sababu gani, hakifanani na mafundisho haya hata tukikisomea aya.

Je, mtawala hana haki ya kuzuia?

Anayo. Sisemi kuwa kila amri ya kutotoka nje ni dhuluma. Sote tuliishi chini ya amri hiyo nchi nzima hapa Uganda tangu mwisho wa Machi 2020 mpaka Januari 2022, wakati wa korona, na wanazuoni wengi waliihimiza kwa kuhifadhi nafsi. Kanuni ya fiqhi inasema kuwa hatua za kiongozi juu ya raia zimefungwa na maslahi ya raia hao. Kanuni hiyo inampa kiongozi mamlaka, na papo hapo inamwekea mpaka. Akizuia, aonyeshe maslahi ya wale anaowazuia.

Kwa hiyo swali la haki si kama mtoto abaki ndani au atoke. Mimi nauliza: anayeufunga mlango amebeba nini katika mzigo wa yule aliyemfungia?

Tazameni mfano wa Sayyidna Umar (R.A.). Yeye alikuwa akifanya doria Madina usiku, na hakuna kiongozi anayesifiwa kwa doria kuliko yeye. Inasimuliwa kuwa usiku mmoja, akiwa na Aslam, aliona moto kwa mbali, akamkuta mwanamke na watoto wanaolia kwa njaa, na chungu jikoni hakina chakula, amewawekea ili wadhani kinapikwa mpaka walale. Umar alirudi ghalani akachukua unga na mafuta. Aslam alipotaka kumbebea alikataa, akamuuliza kama ataweza kumbebea mzigo wake Siku ya Kiyama. Akaubeba mwenyewe, akapika mwenyewe, akangoja mpaka watoto wakashiba na kucheka. Doria ile iliwakuta watoto macho usiku, ikaondoka ikiwa imewaachia chakula. Doria yetu ilimkuta mtoto na ndoo ya mayai, ikaondoka na ndoo.

Sheria za nchi nazo zimekuwa zikisumbuka na jambo hili. Kwa miaka mingi hapa Uganda mtu aliweza kukamatwa kwa kuonekana tu akitangatanga katika mazingira ya kutiliwa shaka, kwa vifungu vya kanuni ya adhabu tulivyorithi kwa Mwingereza. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu hivyo vya ibara ya 168, kwa kuwa havielezi kosa kwa uwazi na vinakiuka haki za mtu. Mjini Kampala, kanuni ya ulinzi wa watoto ya mwaka 2019 ilikataza watoto kuzurura, kuomba na kuchuuza barabarani. Ikamgusa hata anayempa mtoto wa mtaani pesa au chakula: faini ya shilingi 40,000 au kifungo kisichozidi miezi 6. Nia yake ilikuwa kuwakomesha watu wazima wanaowatumia watoto kuomba, na nia hiyo ni njema. Lakini watoto wengi walioko barabarani Kampala wametoka Karamoja, na njaa waliyoikimbia haikukatazwa na kanuni yoyote. Mkono unaotoa ukifungwa, lazima uwepo mkono mwingine uliokwisha kunyooshwa.

Na utoro wa shule?

Hapa ndipo wengi watanikatiza. Watasema, elimu ni faradhi, sasa tuwaache watoto wazurure? Hasha. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na hilo ni jema. Ila sheria hiyo hiyo imemwachia mzazi chakula na mavazi. Kijana wetu wa mayai alikuwa na miaka 10 shule zilipofungwa Machi 2020. Zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka 2 ilikuwa imepita. Alikuwa amesahau kusoma, anaona haya mbele ya wenzake, na pesa za chakula cha mchana shuleni zikamshinda mama yake. Alikwenda muhula mmoja, akaacha. Tumwite mtoro? Shule ndiyo iliyotangulia kumwacha yeye, tena kwa amri halali. Waliomfungia mlango walikuwa na sababu zao, lakini mlango ulipofunguliwa hakuna aliyetoka kumtafuta.

Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) tangu akiwa mtoto wa miaka kama 10. Anasimulia mwenyewe kuwa siku moja alitumwa, akatoka, akapita kwa watoto wanaocheza sokoni. Ghafla akahisi ameshikwa kisogo kwa nyuma. Kugeuka, ni Mtume (S.A.W.), naye anatabasamu. Akamwita kwa jina la kudekeza, Unays, akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akasema ndiyo, naenda sasa hivi.

Ndugu zangu, huyo ndiye mtoro, na hivyo ndivyo alivyorudishwa kazini. Mtume (S.A.W.) hakumtumia mtu akamkamate, alimfuata mwenyewe mpaka sokoni. Hakuiacha amri yake, kwani alimuuliza na Anas akaenda. Wala hakumvunjia heshima mbele ya wenzake. Kwa hiyo asije mtu akasema kuwa huruma ni kulea uzembe. Anas alikua akawa miongoni mwa sahaba waliotupokelea hadithi nyingi kuliko wengine.

Tulilolifanya, na linalobaki

Nilirudi kwa mwenyekiti wa LC1, nikamwomba nafasi katika mkutano uliofuata. Nikasimama pale pale nikasema kuwa mara iliyopita niliwasomea nusu ya hadithi, na nusu ile imemlaza mtoto sakafuni siku mbili. Nikawasomea iliyobaki. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzee aliyeleta takbir alisema, "Kijana, simu zetu bado zinaibiwa." Ni kweli, zinaibiwa, na anayeiba anastahili kuhukumiwa kwa kuiba kwake. Lakini hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine; hilo limo katika Surat Al-An'am, aya ya 164. Kijana aliyekutwa na mayai hakukutwa na simu.

Baada ya mabishano walikubali jambo moja: mtoto atakayekutwa nje usiku asindikizwe kwao kwanza, mzazi aulizwe, na posti ya polisi iwe kwa mwenye kosa la kweli. Suala la faini bado halijakwisha. Tumemuomba mwenyekiti tuwe wawili wawili kutoka jumuiya yetu kila usiku baada ya isha katika kusindikiza huko, na amekubali. Nawaomba wanaume wa hosteli zote mbili mjiandikishe kwa katibu wetu. Kina dada wanaosomea ualimu, tunawahitaji Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri, kwa watoto waliosahau kusoma. Na sadaka ya Ijumaa, kamati itazame kama tunaweza kumpa mama yule mtaji wa kuuza mchana, ili mwanawe awe nyumbani usiku kwa kuwa hana haja ya kutoka.

Kijana amerudi kuswali magharibi nasi. Anakaa safu ya nyuma, na nikimsalimia hujibu salamu tu, haongezi neno. Simlaumu. Nimemuomba msamaha mara moja, na nitamuomba tena.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat At-Tahrim tuziokoe nafsi zetu na watu wetu na moto. Tukumbuke kuwa ametaja nafsi zetu kwanza. Ewe Mola wetu, tusamehe tulipoyasema maneno yako na ya Mtume wako nusu nusu. Wahifadhi watoto wa mtaa wetu, walio ndani na walio nje. Ufanye mlango tunaoufunga uwe wa amani kwao, na utupe nguvu ya kuufungua saa yake ikifika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.