Jicho la Ndani na Gharama Yake

Katika yoga, zoezi la trataka humtaka mtu aukazie macho mwali wa mshumaa bila kupepesa hadi machozi yamtoke, kisha afumbe macho na kuutazama mwali huo moyoni. Gharama ya maono hayo huilipa mwonaji mwenyewe. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, magharibi mwa Kisumu, anasawiri maono ya namna nyingine katika hadithi fupi “The Rain Came”. Mganga Ndithi anaoteshwa kwamba ukame utakoma Oganda, bintiye mtemi, akitolewa kafara kwa dubwana la ziwani. Osinda anamwokoa, mvua inanyesha vilevile. Hivyo basi, uhalali wa jicho la ndani haupimwi kwa ukali wake, bali kwa swali hili: machozi yanayotoka ni ya nani?