Kukata rufaa si kupinga kadari ya Mwenyezi Mungu

 

Ndugu zangu Waislamu, yako mambo ambayo mimbari zetu huyapita kwa mbali kwa sababu yana harufu ya mahakama na polisi. Leo nataka tulitazame moja. Mtu amehukumiwa kunyongwa kwa kosa la mauaji. Yeye anasema hakuua. Wakili aliyewekwa kumsemea hakusema. Je, ndugu zake wakate rufaa, au wakae kimya waseme ndivyo Mungu alivyomwandikia?

Hili si swali la vitabuni. Hapa mkoani Mara, kuanzia Musoma mjini mpaka vijiji vya Butiama na Bunda, damu imekwishamwagika kwa ugomvi wa ng'ombe, wa mashamba, wa wivu na wa tuhuma za uchawi. Kila penye damu pana maiti, na pana mtu aliyekamatwa. Kwa miaka mingi ofisi ya Mahakama Kuu iliyohudumia mkoa huu ilikuwa Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Sasa Musoma ina Mahakama Kuu yake, na Mahakama ya Rufani nayo imekwishaketi hapa kusikiliza rufaa. Tunashukuru. Lakini mlango kuwa karibu ni jambo moja, na kuwa na mtu wa kukusemea ukishaingia ndani ni jambo jingine.

Adhabu yenyewe tuielewe kwanza. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza kosa la kuua kwa kukusudia, na kifungu cha 197 kimeweka adhabu moja tu, kunyongwa, isipokuwa kwa mjamzito na kwa aliyekuwa chini ya miaka 18. Jaji akishamtia mtu hatiani kwa kosa hilo hana nafasi ya kupima adhabu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa Tanzania Bara, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hatatia saini ya kumnyonga mtu. Lakini hukumu hutolewa, na aliyehukumiwa huishi miaka gerezani akihesabu nyayo za askari kila zinaposikika nje ya mlango. Kwa hiyo mahali pa kuokoa roho yake ni pale kesi inaposikilizwa. Na pale mnyonge hana kitu isipokuwa ulimi wa wakili wake.

Nabii aliyeomba msemaji

Hebu turejee kwenye Qur'an. Katika Suratul-Qasas, aya ya 33 na 34, Nabii Musa (a.s.) anamweleza Mola wake kwamba aliwahi kumuua mtu katika watu wa Firauni na anachelea wasije wakamuua. Kisha anaomba jambo. Anamwomba Mwenyezi Mungu amtume pamoja naye ndugu yake Harun, kwa kuwa Harun ana ulimi fasaha kuliko yeye, awe msaidizi wa kumsadikisha.

Tuzingatie vizuri. Huyu ni Mtume, amesemeshwa na Allah, mkononi ana fimbo ya muujiza. Bado anaona kwamba mbele ya watawala wenye madai ya damu juu yake anahitaji mtu wa kusema vizuri. Na Mwenyezi Mungu hakumkemea, wala hakumwambia kwamba mwenye haki hahitaji msemaji. Alimkubalia. Basi ikiwa Musa (a.s.) alimhitaji Harun, sembuse kijana mvuvi wa dagaa ambaye hajapata kuingia katika chumba cha mahakama?

Mtume wetu (s.a.w.) naye alitufundisha hatari ya ulimi katika kesi. Katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliwaeleza watu kwamba yeye ni binadamu, wanamletea mashauri yao, na huenda mmoja akawa mweledi wa kueleza hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa mujibu wa alichokisikia. Akaonya kwamba atakayepewa kwa njia hiyo haki ya ndugu yake, amekatiwa kipande cha moto. Kama Mtume (s.a.w.) alisema hukumu yake inafuata yaliyosemwa mbele yake, jaji wa leo atajuaje lile ambalo hakuna aliyelisema?

Swali lisiloulizwa

Wakili kwa mizani ya Kiislamu ni mwenye kubeba amana. Anasimama mahali pa nafsi ya mtu, na ulimi wake unahesabiwa kuwa ulimi wa aliyemuwakilisha. Katika mahakama zetu jambo hili lina uzito ambao wengi hawaujui. Upo msingi uliokwishazoeleka kwamba shahidi akisema jambo na upande wa pili usimhoji juu ya jambo hilo, huchukuliwa kuwa umelikubali. Shahidi akisema, nilimwona fulani usiku kwa mwanga wa taa, na wakili asiulize taa ilikuwa ya namna gani, umbali ulikuwa hatua ngapi na alimtazama kwa muda gani, basi ule ukimya wa wakili unageuka ushahidi dhidi ya mtu anayemtetea!

Na sheria yenyewe imeweka tahadhari. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imekuwa ikifundisha kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Silaha ipo. Lakini silaha isiyochomolewa haimkingi mtu.

Vivyo hivyo kwa mtu anayesema siku ya tukio alikuwa mahali pengine. Sheria inataka utetezi huo utolewe taarifa mapema, na mashahidi wake waitwe. Wakili aliyeonana na mteja wake asubuhi ya kesi, wakazungumza dakika chache kwenye korido, mashahidi hao atawajulia wapi?

Mtume (s.a.w.) alipojiwa na Maiz aliyekiri zinaa kwa kinywa chake, hakuharakisha. Alimgeuzia uso mara kadhaa, akauliza kama ana wazimu, kama amelewa, kama pengine alibusu tu. Yeye mwenyewe ndiye hakimu, na bado alimtafutia mtuhumiwa mlango wa kutokea. Wakili aliyelipwa kutafuta mlango huo, akakaa kimya, atajibu nini?

Maswali ya mama wa Bunda

Mama mmoja kutoka Bunda alinijia baada ya darsa. Mwanawe amehukumiwa kunyongwa. Anasema usiku wa mauaji kijana alikuwa ziwani na wenzake, na wenzake hao hawakuitwa kutoa ushahidi. Wakili aliyewekewa alimwona siku kesi ilipoanza kusikilizwa. Sina uwezo wa kujua kama kijana aliua au hakuua, na simhukumu mtu hapa. Yaliyonigusa ni maswali mawili aliyoniuliza.

La kwanza: "Ustadhi, wazee wameniambia nikubali kadari, nisihangaike na rufaa. Je, nikikata rufaa nimempinga Mungu?"

La hasha! Umar bin al-Khattab (r.a.) alipokuwa akielekea Sham akasikia kuna tauni, aliamua kurudi. Akaulizwa kama anakimbia kadari ya Allah. Akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Mgonjwa hutafuta dawa, na mwenye njaa hutafuta chakula, wala hatuwaambii wamempinga Mungu. Kadari tunaiamini. Sababu tumeamrishwa kuzifuata. Anayemwambia mama akae kimya amechanganya subira na uzembe.

Tena rufaa ina mfano wake katika dini yetu. Bukhari amepokea hadithi ya wanawake wawili waliogombea mtoto mbele ya Nabii Daud (a.s.), akampa yule mkubwa. Walipotoka walimpitia Nabii Sulaiman (a.s.), naye akaomba kisu ili amgawe mtoto. Yule mdogo alilia mtoto asikatwe, bora apewe mwenzake. Sulaiman akamjua mama mwenye mwana, akampa. Hukumu ya kwanza ilitolewa na Nabii, na haikuzuia shauri kutazamwa upya. Na Umar (r.a.), katika waraka mashuhuri unaonasibishwa naye kwa Abu Musa al-Ash'ari, alimuusia kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirudia haki akishaibaini leo.

Swali la pili: "Nikisema wakili hakumtetea mwanangu, si nitakuwa ninamsengenya?" Suratun-Nisaa, aya ya 148, inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Mwenye kudhulumiwa ana ruhusa ya kusema, ila aseme lililotokea, mahali panapohusika, asiongeze chumvi.

Haki ya aliyeuawa

Pengine msomaji atauliza: na yule aliyeuawa je? Hana mama? Anaye, na haki yake ni kubwa. Suratul-Israa, aya ya 33, inampa mamlaka walii wa aliyeuliwa kwa dhulma, kisha inamkataza kupindukia katika kuua. Lakini akinyongwa asiyeua, walii amepata nini? Amepata maiti ya pili, na muuaji anatembea sokoni. Utetezi mzuri unamlinda hata mfiwa asije akapewa kisasi cha uongo.

Hoja ya udhaifu wa wakili

Tusemezane ukweli. Hoja kwamba wakili hakutetea ipasavyo haipokelewi kirahisi popote. Marekani, tangu kesi ya Strickland ya mwaka 1984, mrufani anatakiwa kuthibitisha mambo mawili: kwamba kazi ya wakili ilikuwa chini ya kiwango, na kwamba kama angeifanya vizuri upo uwezekano wa maana kuwa matokeo yangekuwa tofauti. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, imesema kwamba msaada wa wakili lazima uwe wa kufaa, lakini serikali haibebi kila kosa la wakili, ila pale udhaifu ulipokuwa wa wazi au ulipofikishwa kwa wenye mamlaka. Mahakama hiyo hiyo, mwaka 2019 katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Lakini tangu tarehe 22 Novemba 2020 mlango wa mtu binafsi kwenda Arusha na shauri jipya dhidi ya Tanzania umefungwa, baada ya serikali kuondoa tamko lake. Hivyo pigano kubwa limebaki katika mahakama zetu wenyewe.

Somo la hayo ni moja: semeni mapema. Mtuhumiwa akiona wakili hamsikilizi, amweleze jaji pale pale, mbele ya mahakama, ili iandikwe. Mahakama ya Rufani kwa kawaida inasoma kumbukumbu ya kesi, haiiti mashahidi upya. Kisichoandikwa ni vigumu kukifufua. Hukumu ikitoka, taarifa ya kukata rufaa ni ndani ya siku 30, na mfungwa anaweza kuiwasilisha kupitia kwa mkuu wa gereza. Siku zikipita, yapo maombi ya kuongezewa muda, lakini lazima pawe na sababu ya msingi. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua hata wasaidizi wa kisheria walioko mitaani.

Je, misikiti yetu ina nafasi gani? Tunachanga kwa ajili ya maulidi, mazulia na vipaza sauti. Tuchange pia nauli ya mashahidi watatu kutoka kijijini hadi mahakamani. Kila msikiti uwe na mtu wa kumtembelea mahabusu kabla ya kesi, kuandika majina ya mashahidi wake na kumfikishia wakili. Mawakili Waislamu nao wajue kwamba faili la maskini ni mtihani wao mbele ya Allah.

Wala tusifanye hivyo kwa Waislamu peke yao. Aya za 105 hadi 112 za Suratun-Nisaa, kama walivyosimulia wafasiri wengi, ziliteremka pale jamaa wa Ibn Ubayriq walipotaka kumbebesha Yahudi wizi wa deraya ulioibwa na ndugu yao. Qur'an ilishuka kumsafisha Yahudi asiye na hatia, na kumkataza Mtume (s.a.w.) kuwatetea wahaini. Katika aya ya 109 Mwenyezi Mungu anawauliza waliowatetea hapa duniani: ni nani atakayewajadilia Siku ya Kiyama, au ni nani atakayekuwa wakili wao?

Aliyekabidhiwa roho ya mtu akanyamaza, na sisi tuliojua tukanyamaza pamoja naye, tuliandae jibu la swali hilo. Siku hiyo hakuna rufaa.