Je, Asiyeiba Hana Deni?

Katika misitu ya joto ya Meksiko na nchi jirani zake liko dungusi lisilokaa mchangani kama jamaa zake wa jangwani, bali juu ya matawi ya miti. Wataalamu huliita Epiphyllum oxypetalum. Ua lake ni jeupe, urefu wake hufika sentimeta 30, nalo hufunguka usiku mmoja tu, likaeneza harufu tamu. Kulipambazuka limekwisha kunyauka. (Jamaa yake mmoja, Rhipsalis baccifera, huning'inia kama nyuzi katika misitu ya Afrika Mashariki.)

Mtu auonapo mmea juu ya mti husema upesi, "Huyu mwizi." Kweli, kirukia twakijua sote: hutia mizizi ndani ya tawi, kikanywa maji ya mti hata tawi likadhoofika. Lakini dungusi hili silo. Mizizi yake hushika gamba tu. Hunywa mvua, hula majani yaliyooza katika panda za matawi. Tena ni wekevu, maana hufunga vitundu vyake vya kupumulia wakati wa jua, huvifungua usiku, maji yasipotee.

Basi twauliza: asiyeiba, je, hana deni? Maana harufu ile si kodi ya mti. Ni mwito kwa nondo wakubwa wachukuao chavua. Mti haupati kitu ila uzito, na tawi lenye wageni wengi, likilowa, pengine huvunjika.

Mmea hatuudai, kwa kuwa hauna hiari. Mbegu huota pale ilipoangukia. Mtu je? Kijana akaaye kwa mjomba wake, akala cha jasho lake, asiguse hata senti ya mwenyeji, watu humsifu. Nasi twamsifu, lakini nusu. Paa likivuja, atapanda kuezeka? Mjomba akiugua usiku wa manane, ataamka?

Wako wasemao kwamba hakuahidi neno, kwa hiyo hadaiwi. Hatukubali. Dungusi halikuchukua maji ya mti, ni kweli, lakini lilichukua kimo chake. Mwanga ule wa juu lisingaliupata lenyewe, na shina lililoufikia lilikua miaka mingi. Kijana naye amepewa kimo: jina jema la nyumba, jirani wanaomwamini kwa ajili ya mwenyeji wake, mlango ufungwao salama usiku. Hayo hayahesabiwi kwa senti, na mjomba, kwa adabu yake, hatayadai kamwe.