Usinunue Gita Ambalo Hakuna Aliyelishika

Wanangu wa Ndosho, hapa Goma, simu zimewaletea maduka ya dunia nzima mpaka kitandani. Mnaona Yamaha iko Ubelgiji, Fender iko Marekani, Ibanez iko Japani, zote zimetumika, bei imeshuka karibu nusu, na picha zinang'aa. Ninawaelewa. Anayelipenda gita hawezi kuridhika maisha yake yote na lile la korali ambalo wanapokezana watu wanane na uzi wa tatu haukai kwenye sauti. Lakini pesa mnazotaka kutuma ninajua zinakotoka. Ni za likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, ni za mama anayeuza unga soko la Virunga, ni za kaka anayeteremsha viazi kwa chukudu. Dola 300 hapa kwetu ni ada ya shule, ni kodi ya nyumba ya miezi. Kabla hazijavuka mpaka, nisikilizeni.

Neno langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: tafuta mtu kabla hujatafuta gita. Mtu wako, unayemjua na anayekujua, anayeweza kufika nyumbani kwa muuzaji, akalishika lile gita kwa mikono yake. Watu wa Kivu wametapakaa. Kuna shemeji yuko Brussels, kuna jirani wa zamani yuko Ohio, kuna mtoto wa pasta yuko Nairobi. Ukiwa na mtu katika mji fulani, nunua katika mji huo. Ukiwa huna mtu, usinunue huko hata gita likiwa zuri namna gani, na muuzaji anayekataa kutembelewa mwache hapohapo, usibishane naye.

Mtu huyo si lazima awe mpigaji. Mfundishe mambo machache kwa sauti ya WhatsApp. Alishike gita na kutazama shingo yake kutoka kichwani kuelekea darajani, jicho moja amefumba, aone kama imepinda au imejikunja upande mmoja. Abonyeze uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja: katikati pabaki nafasi ndogo sana, kadi nyembamba ipite. Kisha apige kila uzi kwenye kila freti, polepole, mmoja mmoja, huku simu inarekodi bila kukatwa. Hapo utasikia freti zilizolika, zile zinazokwaruza. Kwa gita la sanduku, lisilo la umeme, ajaribu kupenyeza ukingo wa karatasi chini ya daraja. Karatasi ikiingia, daraja limeanza kung'oka. Nyuzi sita za chuma zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Gundi iliyochoka haiwezi kushindana nazo.

Zaidi ya yote, ageuze gita atazame nyuma, pale kichwa kinapoungana na shingo. Apitishe kucha. Ufa wa mahali pale ni mwembamba kama unywele na rangi inaweza kuufunika, lakini kucha inaukuta. Gibson nyingi huvunjikia hapo, kwa sababu kichwa chake kimelazwa nyuma na shingo ni ya mbao ya mahogani; gita likianguka na sanduku lake, kichwa ndicho kinachokwenda. Lililovunjika likaungwa vizuri linaweza kupigwa miaka mingi, mimi silikatai, ila bei yake si bei ya gita zima, na muuzaji lazima aseme. Na mkiona Gibson Les Paul ya bei ya kutupa, tazameni kile kifuniko kidogo kilichoko kichwani, juu ya mahali nyuzi zinapoingilia. Cha Gibson kina skrubu mbili. Za bandia nyingi zina tatu.

Sasa pesa. Mitandao ya kuuzia vyombo, mfano Reverb iliyoanzia Chicago mwaka 2013, ina utaratibu wa kumlinda mnunuzi mradi malipo yapitie humohumo. Tapeli anajua hilo, ndiyo maana kazi yake ya kwanza ni kukutoa nje: anakuomba namba, anahamia WhatsApp, anakupunguzia dola 50, halafu anataka umtumie kwa Western Union au kwa ile njia ya PayPal ya kumtumia rafiki. Njia hiyo ya rafiki haina ulinzi wowote wa mnunuzi, na Western Union wenyewe wanaonya watu wasimtumie pesa mtu wasiyemjua kwa ajili ya kununua kitu. Zikiondoka zimeondoka. Kijana mmoja wa huku kwetu alituma akiba ya familia kwa mtu aliyempelekea picha 14 za gita moja. Picha zote zilikuwa za duka jingine, na gita lenyewe lilikuwa limeshauzwa siku nyingi. Hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Mtu wako akiwa kule, anatoa pesa mkono wa kulia huku gita linaingia mkono wa kushoto, basi.

Kisha inakuja safari, na hapa ndipo wengi hesabu inawakatikia. Gita na sanduku lake gumu vina uzito wa kilo 6 au 7. Mtoto anaona bei ya kilo, anazidisha kwa saba, anafurahi. Makampuni ya kusafirisha kwa ndege hayatazami mizani peke yake. Yanapima urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, yanazidisha vyote vitatu, yanagawa kwa 5,000, na ukubwa ukishinda uzito yanatoza ukubwa. Boksi la gita la sentimita 115 kwa 50 kwa 20 linatoa 23. Utalipia kilo 23 kwa kitu cha kilo 7, na mara nyingi usafiri huo unalingana na bei ya gita lenyewe au kuipita.

Ndiyo maana kwa njia yetu ninawashauri gita la umeme la aina ya Fender kuliko lolote. Kichwa chake ni bapa, hakikulazwa nyuma, na shingo haikugundishwa, imefungwa kwa skrubu, kwa kawaida nne. Mtu wako anazifungua, anafunga shingo peke yake na mwili peke yake, boksi linakuwa fupi. Likifika Ndosho linafungwa tena kwa bisibisi moja. Anayeligusa kwa mara ya kwanza hata hatajua kwamba lilisafiri vipande viwili.

Na njia yetu ni ndefu kweli. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, uwanja wetu wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Nanyi mmeona wenyewe jinsi kila kitu kilivyohamia kwenye simu na kwenye mpaka wa Gisenyi. Kwa hiyo mzigo hesabuni kwamba utashukia Kigali, au Mombasa, au Dar es Salaam, halafu barabara. Kutoka Mombasa kupitia Kampala na Kigali ni karibu kilomita 1,800. Kontena linasimama bandarini juani siku nyingi, na ndani yake joto linapanda mpaka gundi za gita zinalegea. Likishuka linapanda milima. Likifika linakuta unyevu wetu wa ziwani na mvua. Gita lililokaa miaka kumi katika nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi limekauka. Likifika hapa mbao zake zinakunywa unyevu, uso unavimba, nyuzi zinapanda juu ya shingo. Hilo si kosa la muuzaji, wala si gita bovu. Ni mbao.

Mwambieni mtu wenu alegeze nyuzi bila kuzitoa zote. Ajaze karatasi chini ya kichwa na pande zote za shingo ndani ya sanduku, kichwa kisicheze hata kidogo, kisha sanduku liingie katika boksi kubwa zaidi lenye vitu laini chini na juu. Kama gita lina betri ndani, aitoe. Na apige picha ya kila hatua, kwa sababu siku ya kudai fidia utaulizwa lilifungwaje.

Kuhusu forodha, jueni kwamba ushuru hauhesabiwi kwa bei ya gita tu. Wanajumlisha bei, bima na usafiri, na usafiri ghali unakuletea ushuru ghali. Mzigo unaopitia Kigali uandikwe tangu mwanzo kwamba unapita tu kwenda Goma, la sivyo unaweza kulipia Rwanda na kulipia tena hapa. Kuna wanaowashauri kumwambia muuzaji aandike kwamba ni zawadi ya dola 20. Msifanye hivyo. Ni uongo, na gita likivunjwa njiani bima itawalipa hizo dola 20 mlizoandika.

Jambo moja la mbao. Muuzaji akilisifu gita lake la zamani kwamba pande zake ni za ule mti wa Brazil, Dalbergia nigra, ninyi uogopeni huo. Tangu 1992 uko katika daraja kali kuliko zote la CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na gita lenye mbao hiyo haliruhusiwi kuvuka mipaka bila hati maalumu. Ndugu zake wengine, wa jamii moja na mpingo wa Tanzania, waliwekewa masharti mwaka 2017, lakini tangu mwisho wa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimesamehewa. Huo wa Brazil haukusamehewa.

Na kikuza sauti? Nunueni hapahapa, au Kampala. Cha Marekani kimetengenezwa kwa volti 120, cha Japani kwa 100, na umeme wetu ni 220, uwe wa mitambo ya Virunga au wa zile paneli za kampuni ya Nuru zilizoko hapa Ndosho. Ukikichomeka bila transfoma utanusa harufu yake kabla hujasikia sauti yake.

Msidhani ninawakataza. Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya kule Katanga, alipiga gita la kawaida la sanduku kwa kidole gumba na cha shahada, akiimba Kiswahili, na mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952; ukizisikia rekodi hizo utajiuliza kama wanaopiga ni wawili. Mwaka 1969 alikuwa jukwaani Newport, Marekani. Franco, gwiji wetu wa rumba, alianza na gita la kujitengenezea mwenyewe, na alipoingia studio ya Loningisa mwaka 1953 alikuwa na miaka 15. Nawataja kwa sababu nyote mnaona haya kushika gita la Kichina la dola 60. Gita hilo likirekebishwa daraja, freti zikisawazishwa, likawekwa nyuzi nzuri, linatosha kukufikisha mbali sana katika mi-solo, ule upigaji wa kati ya solo na rithimu, na sehemu kubwa ya zile dola 300 inabaki nyumbani. La ng'ambo ni la yule ambaye mikono yake imeshalizidi alilonalo. Huyo anastahili, na ukoo wote umsaidie.

Likifika, msilifungue mbele ya umati. Boksi lilale ndani siku nzima bila kufunguliwa, mbao zizoee hewa. Kisha mmoja afungue na mwingine arekodi, kuanzia nje ya boksi, kila mkwaruzo. Mkikuta ufa, simamisheni kila kitu na mpeleke taarifa kwa msafirishaji siku hiyohiyo. Wengi wana muda mfupi wa kupokea malalamiko. Likiwa zima, kazeni nyuzi kidogo leo na kidogo kesho, na msilitundike ukutani chini ya mabati.

Mwenye tangazo kwenye simu sasa hivi aje nalo kwangu kabla hajatuma hata dola moja. Nitazitazama picha, nitaongea na huyo mtu wako wa Brussels au Ohio, na sitataka malipo.