Kiota Kilicho Uani

Masika yaingiapo, ua wa nyuma ya nyumba haukai kimya. Vyura hulia usiku kucha, kumbikumbi hutoka ardhini baada ya mvua na kudondosha mbawa zao mlangoni, na juu ya mwembe au mnazi minana wenye manyoya ya manjano huanza kazi ya kusuka. Mzazi mwenye nafasi ya robo saa na awaite watoto, wakae kitako watazame.

Dume huchana majani kuwa nyuzi, huzifunga kwa mdomo wake, tanzi juu ya tanzi, hata kiota kining'inie. Kisha hujitundika chini yake akipigapiga mabawa, akimwita jike aje kukagua. Jike huingia, huvutavuta nyuzi, na asiporidhika huenda zake. Kiota kikikosa mwenyewe hata majani yakakauka, dume hukibomoa kwa mdomo ule ule uliokisuka, akaanza kingine. (Waume wengi wangejifunza uvumilivu hapo.) Jike akikubali, ndiye aatamiaye mayai, siku 12 hivi, na makinda wakitoka hulishwa zaidi wadudu, ijapokuwa wazazi wao hupenda nafaka.

Ndipo atokeapo kijana mwenye manati. Hasukumwi na njaa. Apiga apate kusifiwa na wenzake. Mama aanguka, na wale walio kiotani wafa polepole kwa kukosa chakula, wala hakuna awasikiaye. Wazazi wengi hucheka, wakasema ni mchezo wa watoto.

Torati haikuuona kuwa mchezo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamruhusu aliyekuta kiota kutwaa makinda, bali yamkataza kumtwaa mama pamoja nao: mama na aachwe aende. Tazameni basi ahadi iliyoambatanishwa na amri hiyo ndogo: heri, na siku nyingi za kuishi. Ni ahadi ile ile ambayo sura ya 5 ya kitabu hicho yampa mtoto awaheshimuye baba na mama yake. Kwa nini Mungu aziweke sawa? Nadhani ni kwa sababu moyo ni mmoja. Mkono uliozoea kumwua mama juu ya makinda yake haujifunzi huko heshima ya mama yeyote.

Wako watakaosema ndege hula mtama wetu. Ni kweli, na mkulima ana haki ya kulinda shamba lake. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2418, yafundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe. Naye Bwana wetu alitaja shomoro: katika Mathayo wauzwa wawili kwa senti moja, katika Luka watano kwa senti mbili. Yule wa tano, basi, ni wa nyongeza, hana bei; naye pia hasahauliwi mbele za Mungu.

Baba na amwambie mwanawe aweke manati ndani tangu jike aanzapo kuatamia mpaka makinda waruke. Ni siku 12 za mayai, na majuma 3 hivi ya kulisha.