Honi Imelia, Nani Asimame?

Huenda msomaji wa Utete atauliza: reli inatuhusu nini sisi, tusiokuwa na garimoshi huku kwetu? Lakini tunasafiri. Wana wetu wako Morogoro, Tabora na Kigoma, na huko barabara hukatiza reli. Mwezi Juni 2018, pale Gungu mjini Kigoma, treni na basi la abiria viligongana kwenye makutano ya namna hiyo. Watu 10 walikufa.

Treni haina usukani wa kukwepea. Ikiwa na mzigo na mwendo, dereva wake hata akifunga breki itakwenda mbali sana kabla ya kusimama. Ndiyo sababu hupiga honi mapema. Maana yake ni kwamba yeye hawezi kusimama, wewe unaweza.

Basi wajibu umemhamia aliyesikia? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini mwenye uwezo wa kuweka geti na taa, akaweka kibao tu, naye hajamaliza kazi yake. Reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imezungushiwa uzio, na barabara hupita juu yake au chini yake. Walioijenga walijua kwamba binadamu husahau.

Zamani, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulingoja pantoni pale Ndundu, na haraka ya dereva haikufaa kitu, mto ulimzuia. Reli haimzuii mtu. Imelala kimya, na aliyevuka salama mara mia huanza kuiona alama ya hatari kama pambo la barabarani.

Linalotusumbua zaidi ni la abiria. Miaka kadhaa iliyopita, karibu na Kilosa, tulikuwa ndani ya basi honi ilipolia. Dereva akaongeza mwendo ili awahi. Tulivuka, na mara mabehewa yakapita nyuma yetu. Hakuna aliyesema neno. Sisi, tuliokemea watoto darasani zaidi ya miaka thelathini, tuliona haya kumfundisha mtu kazi yake. Mama mmoja aliyempakata mtoto alitugeukia, kwa kuwa ndio tuliokuwa na mvi kuliko wote, kana kwamba anangoja tuseme. Tukatazama dirishani.