MMEA USIOTOA UA



Wengi wenu wa Mbeya na Iringa mnaijua kangaga, mmea wenye majani yaliyochanika kama unyoya wa ndege. Katika misitu ya Mlima Rungwe na ya Udzungwa ziko hata kangaga ndefu kama miti.

Mke wangu amezipanda kando ya nyumba, upande wa kivuli, katika udongo uliochanganywa na majani yaliyooza. Tangu Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, huzinywesha kila asubuhi. Jua kali huziunguza, kivulini hustawi.

Mgeni mmoja alizitazama akasema, "Mwalimu, mmea huu hautoi ua wala tunda. Ung'oe, upande wenye faida." Nilishtuka, maana maneno hayo niliwahi kuyasikia. Mwaka 1991, tukiwa na miaka minane ya ndoa bila mtoto, wazee wa ukoo waliniita wakanishauri vivyo hivyo juu ya mke wangu. Naungama mbele yenu: sikuwajibu. Nilirudi nyumbani nikakaa kimya mwezi mzima, na kimya changu kilimwumiza kuliko maneno yao. Alingoja neno moja tu, kwamba kile kiapo cha kanisani bado nakishika. Nilipolisema hatimaye, alilia.

Basi nilimwambia mgeni ageuze jani. Chini yake mna vidoa vya kahawia vilivyopangwa safu kwa safu. Wengine hudhani ni ugonjwa, wakayakata majani. Kumbe ndani yake mna chembe nyingi, laini kama vumbi. Zikiangukia penye unyevu, kangaga huzaliana bila ua wala mbegu. Ndivyo Mungu alivyoiumba, haikupungukiwa kitu.

Hana alipewa Samweli, nasi twafurahi naye. Lakini si kila aombaye kama Hana hupata mtoto. Someni Isaya 56:3-5. Hapo towashi anakatazwa kujihesabu kuwa mti uliokauka, naye Bwana amemwekea jina la kudumu nyumbani mwake.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu katika kanisa, tusimwulize mke kijana kila Jumapili, "Bado?" Tusimshauri mume amfukuze. Na wewe mume, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Sema naye leo, kabla jua halijatua.

Mke wangu angali anazinywesha kangaga zake. Atakaye na aje, atagawiwa kipande chenye mizizi. Msiende kuzing'oa msituni.